Dhambi Ndani ya Chupa

Habari hii alinipa mke wa mchungaji mwenyewe, mwaka jana wakati wa baridi, tumekaa kwenye benchi la kliniki ya macho tukingoja kuitwa. Alikuwa ametiwa dawa machoni, haoni mbali wala karibu, na mtu asiyemwona anayesema naye husema mengi. Nimeyaandika kama alivyoyatoa. Chumvi niliyoongeza ni ya kuonja tu.

Mumewe alikuwa mchungaji wa kawaida, wa kanisa la bati na viti vya plastiki, mtu wa kuombea wagonjwa na kuzika wafu, hana makuu. Mambo yaliharibika alipokwenda semina ya mwisho wa juma iliyohusu sikukuu za Wayahudi za majira ya machipuko. Aliondoka na mkoba wa nguo. Akarudi na shali yenye vishada, pembe ya kondoo dume, na macho ya mtu aliyenong'onezwa siri.

Hata viatu hakuvua. Alimkalisha mkewe kitako akamfundisha. Kwamba Pasaka ya Wayahudi ni kivuli, na mwenye kivuli ni Yesu: ndiye mwanakondoo, na damu yake ndiyo ile ya kwenye miimo ya milango. Kwamba Mikate Isiyotiwa Chachu ni mwili wake usio na dhambi, uliolala kaburini bila kuoza. Kwamba Malimbuko, ule mganda wa kwanza wa shayiri, ni kufufuka kwake. Na Sikukuu ya Majuma ni Roho kushuka na kanisa kuzaliwa.

"Zote nne, mke wangu! Mungu aliweka kalenda, na sisi tumekaa tunaitazama ile ya ukutani yenye picha ya maua!"

Mkewe hakuona ubaya. Hayo ya mwanakondoo alikuwa akiyaamini tangu ana meno ya utoto, tena aliyaona mazuri, kwamba jambo liliandaliwa zamani likaja kutimia. Kilichomshinda ni shali. Kilichomshinda zaidi ni pembe.

Aliipuliza alfajiri, uani, karibu na banda la kuku. Ikatoka sauti ya ng'ombe aliyevimbiwa. Jirani akatoa kichwa dirishani.

"Kuna msiba?"

"Ni wito, ndugu yangu! Mungu anaita!"

"Basi mwambie aite taratibu, wengine tumetoka zamu ya usiku."

Kufikia Jumapili mtaa mzima ulishampa mchungaji jina: Rabi Juzi.

Wayahudi wenyewe, mke wa mchungaji aliniambia, hana neno nao. Sikukuu zao wamezipokea kwa mama zao na bibi zao, mezani, tangu enzi na enzi. Mtu na chake. Lakini huyu mume wake, shali ile kairithi kwa bibi gani? Kwa yule aliyekuwa akiziuza mlangoni mwa semina? Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ile ilimfika miguuni, akawa anakanyaga vishada kila akipanda mimbarini.

Pasaka ilipokaribia akatangaza: mwaka huu kanisa litaishika Mikate Isiyotiwa Chachu kama ilivyoandikwa. Chachu ni dhambi. Inaanza kidogo, inajificha, inavimbisha donge zima. Basi kila nyumba itafagiliwa. Hamira itoke, mikate itoke, biskuti zitoke, na mzee wa kanisa atapita kukagua.

Mzee wa kanisa alikuwa mstaafu wa bohari, mtu aliyezaliwa kukagua. Alipewa tochi, na unyoya wa bata wa kufagilia makombo, na toka siku ile hakuonekana bila vitu hivyo. Alimulika chini ya vitanda. Alimulika mifuko ya makoti. Alimulika kinywa cha mtoto mmoja aliyekutwa anatafuna. Watu wakatii, maana kutii ni rahisi kama unachodaiwa kutupa ni nusu pakiti ya hamira.

Lakini kulikuwa na nyumba moja ambako chachu haikuwa nusu pakiti, nayo ni ya dada yake mke wa mchungaji.

Dada mtu alikuwa mwoka mikate, mtaa ukimwita Bi Tanuri. Hamira ya dukani hakuijua. Alikuwa na chungu cha chachu alichoachiwa na mama yao, na mama yao alikianza mwenyewe, kwa unga na maji matupu, siku za uchumba wake. Kila siku kinachotwa, kila siku kinalishwa. Hakikulala njaa hata siku aliyokufa mama mwenyewe: Bi Tanuri alitoka kwenye kilio akaenda kukilisha, akarudi kulia. Mkate wake ulikuwa na ukali kidogo ndani na ganda gumu nje, na watu waliufuata kutoka mbali. Chungu hicho ndicho kilichomlea mke wa mchungaji, kikamvisha, kikamwoza.

Mchungaji alikwenda mwenyewe na mzee wake wa tochi, mkewe nyuma. Akasimama katikati ya unga na shali yake.

"Shemeji, unajua kilichonileta."

"Mkate umeisha. Njoo kesho mapema."

"Si mkate. Ni chungu."

"Chungu hakiuzwi."

"Chachu ni dhambi, shemeji. Yaani ni mfano wa dhambi."

"Ni ipi sasa? Dhambi, au mfano? Maana mfano ukiutupa, dhambi yenyewe inakungoja nyumbani na chakula mezani."

Mzee wa kanisa akakohoa, akamulika dari.

"Na Yesu," Bi Tanuri akaendelea, mikono kiunoni, "si aliufananisha ufalme na chachu? Yule mwanamke aliyeitia kwenye unga?"

"Ahaa!" Kidole cha mchungaji kikapanda juu. Hili alilifundishwa semina, alikuwa akiomba aulizwe. "Yule mwanamke aliificha! Jiulize, shemeji, kwa nini aliificha? Kitu chema hakifichwi!"

"Kwa sababu ya nzi, shemeji."

Mke wa mchungaji, pale mlangoni, akaangua kicheko. Na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

"Umenicheka mbele ya mzee wa kanisa," mumewe alimwambia walipofika nyumbani.

"Nilicheka nzi."

"Basi chungu utakileta wewe. Kwa mikono yako. Mke wa mchungaji ambaye dada yake anafuga chachu, kina mama watamsikiliza nini?"

Akaenda. Ndoa nayo ina siku zake za kumeza mate. Alimkuta dada yake anapangusa meza ya kukandia, akamnong'oneza: "Dada, chota kidogo ufiche. Hakuna atakayejua."

"Nifiche? Mimi ni mwizi ndani ya nyumba yangu?" Bi Tanuri hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kitu cha mama sikifichi uvunguni. Ukibeba, beba chote. Kisha uende kaburini ukamwambie umekipeleka wapi."

Akamsukumia chungu kifuani akafunga mlango, asiufungue mpaka alipokuja mzee wa kanisa na birika la maji ya moto. Mzee huyo akaunguza mabeseni, akaunguza meza, akamimina kwenye kila ufa wa mbao kama anaua kunguni.

Moto uliwashwa nyuma ya kanisa. Pakiti zikaingia, biskuti zikaingia, mikate ikaingia, harufu ikawa ya kumtia mtu njaa badala ya toba. Ilipofika zamu ya chungu, mchungaji akainua mkono.

"Ngojeni. Hiki nakihitaji."

Alikuwa amechungulia ndani ya chungu akaitazama ile chachu, nyeupe, inapumua, inatoa mapovu, na moyo wa mhubiri ukamruka. Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya Malimbuko. Angeweka chachu kwenye chupa kubwa ya kioo juu ya mimbari, watu waione dhambi kwa macho yao! Baada ya mahubiri mzee wa kanisa angeibeba mbele ya wote na kuimimina shimo la choo, yeye anapuliza pembe.

Basi wakachoma dhambi zote za mtaa, isipokuwa ile aliyoihitaji mchungaji kuhubiria.

"Uilishe vizuri," alimwagiza mkewe, akiiweka chupa juu ya kabati la vyombo, chungu kitupu kando yake. "Unga mzuri, usiifanyie ubahili. Nataka waione inatokota. Ikilala mbele yao nitaonekana mwongo."

Wiki ile nyumba ya mchungaji ilikula mkate wa semina: unga, maji na majuto. Ulikuwa bapa na mgumu, ukiuangusha unalia kama kigae. Mchungaji alisema "Haleluya" kabla ya kila tonge, kama mtu anayejitia moyo kuruka mtaro. Juu ya kabati dhambi ilikula unga wa daraja la kwanza, ikanawiri.

Mke wa mchungaji aliilisha asubuhi na jioni. Mwanzo kwa hasira. Halafu, akiinusa, akasikia harufu ya jikoni kwa mama yake, na hasira ikamgeukia mumewe, aliyeistahili. Akatupa kitambaa begani akaenda kubisha mlango wa dada yake.

"Dada! Ipo! Haijafa!"

Ndani ilisikika fagio tu, linafagia palepale.

"Dada, nakwambia ninailisha mimi mwenyewe."

Fagio likaendelea.

Bi Tanuri hakuwasha tanuri siku mbili. Alipoliwasha alitumia hamira ya pakiti, kanisa likanuna, lakini hata wateja walinuna. Dereva mmoja wa lori aliumega mkate, akauchungulia ndani kama anatafuta kitu kilichomdondoka, akauliza, "Mama, huu ni wako kweli?" Bi Tanuri akamhesabia chenji. Mtaani wakaanza kusema Bi Tanuri mkono umemwisha. Mke wa mchungaji aliyasikia hayo kisimani na dukani, na kila aliporudi aliitazama chupa, akaona Jumapili inakuja na shimo la choo linaingoja chachu ya mama yake.

Jumapili asubuhi mchungaji aliishika chupa kwa mikono miwili.

"Umeilisha?"

"Imeshiba. Ila usikaze kifuniko. Inataka kupumua."

"Dhambi haiogopwi, mke wangu. Dhambi inafungiwa." Akakaza, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kanisa lilijaa. Wengine walikuja kusali, wengine walikuja kuona dhambi. Chupa ilikaa mimbarini, jua la dirishani likiipiga ubavuni, na mchungaji akaanza, shali begani, pembe mezani. Alianzia Misri. Aliwavusha bahari kwa muda mrefu hata watu wakawa wanatamani kuzama. Akamfikia mwanakondoo, akamkagua akamwona hana kilema. Nyuma ya bega lake chachu ilipanda kidogo. Akaufikia mkate bapa, akaumega, mlio wake ukasikika hadi nyuma. Chachu ikapanda tena, ikagusa kifuniko. Mke wa mchungaji aliiona. Mzee wa kanisa aliiona, akaimulika na tochi mchana kweupe. Hakuna aliyesema, maana mchungaji alikuwa kaburini na hapo hapana kumkatiza.

"Alilala humo!" mchungaji alinguruma. "Hakuoza! Hakuumuka! Hakuvimba kama nyinyi mnavyovimba kwa kiburi! Jiwe liliwekwa mlangoni, likatiwa muhuri, na siku ya Malimbuko—"

Kifuniko kikaruka.

Kiligonga bati la paa kikaanguka kwenye ngoma. Chachu ikamwagika nje kwa raha zake, ikatambaa juu ya kitambaa cha mimbari, ikaingia kinywani mwa pembe, ikapanda kishada kimoja cha shali, kisha cha pili. Kisha bibi mmoja wa kiti cha mbele, aliyekuwa anasinzia na kushtushwa na mlio, akainua mikono yote miwili:

"Imefufuka!"

Kanisa likavunjika. Watu walicheka hadi viti vya plastiki vikapasuka miguu. Wanakwaya walishikana mabega. Mchungaji naye, nikupe sifa yako ewe mhubiri, hakuacha mahubiri.

"Mnaona!" alipiga kelele, anajipangusa. "Mnaona dhambi inavyofanya! Mzee! Ibebe! Ikatupwe sasa hivi!"

Akaitwaa pembe apulize. Ikatoa povu.

Mzee wa kanisa aliishika chupa akaelekea mlango wa nyuma. Njiani akamkuta mke wa mchungaji amesimama katikati ya njia, mikono mbele.

"Nipe, mzee."

"Mama, nimeagizwa chooni."

"Najua. Nipe. Kitu cha mama yangu hakitupwi chooni."

Mzee alimtazama mchungaji. Mchungaji alikuwa anavuta kishada kilichonata kwenye kipaza sauti.

"Mke wangu! Rudi kitini kwako!"

"Nitarudi, baba. Wewe endelea, ulikuwa bado hujamtoa kaburini."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa. Mzee wa kanisa, sijui ni mikono kuchoka au ni moyo, akaiachia chupa. Naye akaiweka ubavuni kama mtu anavyobeba mtoto, akatoka kwa mlango wa mbele, mbele ya macho ya wote, na nguo yake ya Jumapili imejaa unga mbichi.

Mara hii hakubisha. Alisukuma mlango wa dada yake kwa kiuno. Bi Tanuri alikuwa amekaa kwenye kigoda, tanuri limezimwa. Aliitazama chupa. Hakuinuka.

"Imebaki nusu," mke wa mchungaji alisema. "Nusu nyingine inahubiri."

Bi Tanuri akanyoosha mkono, akachovya kidole, akanusa, akaonja.

"Unailisha nini?"

"Unga wa daraja la kwanza. Amri ya mchungaji."

"Ndiyo maana. Imenenepa kuliko wewe." Akapangusa kidole kwenye aproni, kisha akapangusa macho kwa kidole hichohicho, akajitia unga jichoni, akatukana. "Usisimame hapo kama mgeni. Kakilete chungu kutoka kwako. Halafu ukoke moto."

Wakakanda jioni ile, na kesho yake yule dereva wa lori aliumega mkate wake mlangoni, akatikisa kichwa, akachukua wa pili.

Nyumbani mchungaji alinuna. Alinuna vizuri, kwa mpango, kama kazi. Lakini siku ya mikate bapa kwisha, mkewe aliweka mezani mkate wa Bi Tanuri, bado una joto. Mchungaji aliutazama. Akaula kutoka ncha hadi ncha, na Haleluya hakuisema hata mara moja.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hujamjua Rabi Juzi. Pasaka ilipita, majuma yakapita, na siku moja akaja jikoni anasugua shingo.

"Mke wangu. Ile Sikukuu ya Majuma. Unajua walitikisa mikate miwili mbele za Bwana?"

"Sijui."

"Miwili. Na ile ilitiwa chachu. Kwa agizo kabisa."

Mkewe akaweka mwiko chini. "Chachu ile ile?"

"Hapa ni mfano mwingine. Mkate mmoja ni Wayahudi, wa pili ni mataifa. Kanisa, kwa kifupi. Watu wenye kasoro zao, lakini wamepokelewa."

"Kwa hiyo sasa chachu ni sisi."

"Kwa namna fulani."

"Na wewe ulikuwa unakwenda kutumimina chooni."

Mchungaji alitazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu. "Mikate ya dukani nimeijaribu," alisema. "Inakuja imekatwa vipande. Nikiitikisa inamwagika. Labda wewe ukimwomba dada yako..."

"Mimi nimeshabeba, kwenda na kurudi. Mara hii nenda kwa miguu yako."

Akaenda Ijumaa mchana, bila tochi, bila mzee, shali ameikunja kwenye mfuko. Mkewe alikuwa huko tayari, hakutaka kusimuliwa. Bi Tanuri alimsikiliza mpaka mwisho, mikate miwili, Wayahudi na mataifa, kasoro na kupokelewa.

"Nawa mikono," akasema.

"Mimi?"

"Unataka kutikisa usichokanda?"

Mchungaji akakanda. Alikanda kama mtu anayembembeleza mbwa asiyemjua. Donge lilimpanda hadi viwikoni.

"Lisukume, shemeji! Halina dhambi hilo, halitakuuma!"

"Nasukuma!"

"Unalipapasa. Mke wako ndivyo unavyompapasa?"

"Dada!" mke wa mchungaji alilalamika, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Nauliza tu. Nimekuwa nikijiuliza miaka."

Walipomaliza, madonge mawili yakafunikwa yakawekwa karibu na tanuri, na sasa kazi ilikuwa kungoja tu. Chachu haina haraka ya mtu. Mchungaji hakuwahi kungoja kitu bila kukihubiria, basi akakaa juu ya gunia akaanza kuwaeleza: kwamba alipokuwa akikanda amepata ufunuo, kwamba tangu mwanzo alijua chachu ina pande mbili, kwamba semina ijayo...

"Ulijua tangu mwanzo?" Bi Tanuri aliuliza, anavuta kigoda chake ukutani.

"Ndani kabisa, shemeji. Rohoni."

"Basi uliificha humo. Labda kwa sababu ya nzi."

Mchungaji akafungua kinywa ajibu. Lakini alikuwa ameamka alfajiri kupuliza pembe, tanuri lilikuwa na joto zuri, na gunia la unga ni laini kuliko linavyoonekana. Kinywa kikabaki wazi, kidevu kikashuka kifuani. Bi Tanuri alimtazama kidogo, akasonya, akasema mwanamume huyu hata usingizi wake una maelezo, akaegemea ukuta, naye akaanza kukoroma.

Mke wa mchungaji akanyanyua kitambaa akachungulia madonge. Bado. Mumewe alikuwa na unga puani na mwingine kwenye nyusi, kama mzee wa zamani sana asiye na busara yoyote ya uzee. Angeweza kumpangusa. Akaacha. Akavua viatu, akakunja ile shali ya vishada ikawa mto, akailalia kwenye benchi kati ya wawili hao. Mume alikoroma, dada akamjibu, mume akakoroma tena. Alikusudia kuwasikiliza mpaka mmoja ashinde, lakini kabla hajajua nani, akapitiwa.